Tawi la "La Sivyo"

"Mwalimu, mbona miti yako mizizi iko juu? Uliichora umelala?"

Ndivyo jirani yangu Serafina alivyomuuliza mpangaji wangu Notburga, siku alipokuta karatasi zimebandikwa ukutani. Notburga alicheka. "Shikamoo kwanza, mama," akasema, ndipo akaeleza.

Notburga ni mzaliwa wa Mbuji, anafundisha kompyuta sekondari hapa Mbinga. Ametunga lugha ya kuiamuru kompyuta kwa Kiswahili, watoto wasikwame kwenye Kiingereza. Ukiandika amri, chombo alichokitengeneza kinaichora kama mti: amri nzima juu, vipande vyake vinaning'inia chini kama matawi. Kukiwa na kosa, analitafuta tawi kwa tawi.

Wiki ile hakutulia. Anakaa, anasimama, anatoka nje, anarudi, ugali unapoa. Mkuu wa shule alishamwambia: Jumatatu lugha hiyo ikiwapotosha tena watoto, kipindi kinarudi kwa jiografia. Na amri moja ilikuwa inamgomea. Nilimtia kwenye rozari yangu, lakini hata mimi nilianza kuhangaika.

Jumamosi nikamwambia, "Hebu nisomee hiyo amri, mwanangu."

Akasoma: "Kama jua linawaka, kama kahawa imeoshwa, anika; la sivyo, funika."

"Mbona iko sawa? Ndivyo tunavyosema."

"Ndiyo, mama, lakini nikiiambia kompyuta jua hakuna, haisemi funika. Inakaa kimya tu!"

Nikavaa miwani, nikaufuata mti kwa kidole. Mimi niliishia darasa la saba, ila mibuni nimeipogoa miaka thelathini. Lile "la sivyo" lilikuwa limening'inia kwenye kahawa, si kwenye jua.

"Hapa inafunika kahawa chafu," nikasema. "Kahawa chafu unaifunika ya nini? Si unaiosha! Tunafunika jua likiondoka. Hili tawi limeota pasipo pake."

Akashika kichwa. "Kumbe mti ulikuwa unanionyesha siku zote. Mimi nasoma ninachokijua, sisomi kilichochorwa."

Akabadilisha kanuni: kila "kama" sasa ifungwe kwa neno "mwisho". Akaifunga ile ya kahawa, mti ukajichora upya, na "la sivyo" likahamia chini ya jua.

Serafina akachungulia mlangoni. "Mizizi bado iko juu!"

Notburga akanigeukia mimi.

"Mama, naomba Jumatatu uje darasani. Uwaulize watoto kahawa chafu inafunikwa ya nini."