Mawese Ndani ya Breki za Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini, katika garaji moja ya mtaa wa Bungulu mjini Beni, Kongo, chef mécanicien, mkuu wa mafundi, hakunipa ufunguo hata mmoja. Alinipa beseni la petroli na brashi. "Osha kwanza," aliniambia, "kufungua utajua nyuma." Nikaosha vyuma mpaka jioni, nikarudi nyumbani nikinuka petroli na kujivuna kama bwana harusi.

Vita vilinikuta nikiwa fundi kamili. Barabara zilifungwa na kufunguliwa kama walivyotaka wenye bunduki, na vitu vikaadimika madukani. Ndipo tukaletewa kwadi ya kituo cha afya, yaani pikipiki nene ya magurudumu manne, inayopita kwenye tope ambamo gari hulala. Breki zake za mbele zilikuwa za mafuta. Ukibana mkono wa breki, mafuta hupita mrijani na kusukuma pistoni, na pistoni hukandamiza plaketi, vibao vya breki, kwenye diski ya gurudumu. Mafuta yenyewe, huile de frein, hayakupatikana Beni nzima. Basi nikachukua mawese ya kupikia, nikayaacha yatulie, nikachota ya juu yaliyokuwa maangavu, nikamimina. Breki zikashika vizuri kabisa, na mimi nikajiona profesa.

Kwadi ikapanda Butembo pamoja na muuguzi wake, Masika. Miezi michache baadaye nami nikahamishiwa huko, kwenye karakana ya misheni. Chef d'atelier, mkuu wa karakana, alinipokea akinionyesha kwadi ile ile.

"Hii njo kazi yako ya kwanza," alisema. "Frein ya mbele, asubuyi haishike, midi, saa sita, inashika. Tulibadirisha plaquettes, tulipiga purge mara tatu, kila mara midi, mais hapana. Kama inakushinda na wewe, tunaitupa, na chanjo ya batoto kule Alimbongo inaisha."

Kupiga purge ni kutoa hewa ndani ya mrija, maana hewa ikiingia breki hulegea. Masika alikuwa amesimama kando, mkono wake umefungwa bandeji. Alikuwa ametumbukia katika shamba la watu la poireaux, vile vitunguu virefu vya majani, kwenye mteremko wa Alimbongo.

"Nilivuna poireaux ya batu na uso," aliniambia, bila kucheka.

Asubuhi iliyofuata, nikitetemeka kwa baridi, nilifungua skrubu ya purge na kubana mkono wa breki. Hakikutoka kitu. Nikabana tena, kikachungulia kitu cha njano, kizito kama siagi. Harufu yake ilinifikia kabla sijainama. Beni kwenye joto mawese hubaki maji, lakini baridi ya Butembo huyagandisha. Kila mama wa Butembo anajua hilo, na asubuhi huweka chupa yake karibu na moto. Mimi fundi sikujua.

Ningeweza kusafisha na kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini Masika alikuwa amekuja na chef kutazama; niliuona mkono wake wenye bandeji, nikaona aibu.

"Chef, ni mimi njo nilitia mawese mu frein, kule Bungulu."

Nilingoja kufukuzwa. Chef d'atelier akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. Masika hakucheka.

"Donc ni wewe njo ulinitupa mu poireaux?"

"Ni mimi, Mama infirmière."

"Tengeneza. Kisha unapanda nyuma yangu, tunashuka Alimbongo pamoja. Kama inakatala kushika, tunavuna sisi wawili."

Nilifungua mfumo wote. Mipira midogo ya pistoni ilikuwa imevimba kwa mawese, nikaweka mingine niliyoitoa kwenye kwadi nyingine mbovu. Vijana mnaojifunza ufundi, msioshe breki kwa petroli, nayo huvimbisha mipira. Masika alileta alkoli ya zahanati, tukaoshea hiyo. Mfanyabiashara mmoja aliyerudi kutoka Kasindi, mpakani, alitupatia kopo la huile de frein ya kweli. Chef mwenyewe akabana mkono wa breki, mimi nikafungua skrubu, mpaka mapovu yakaisha.

Tulitoka alfajiri, baridi ikiwa kali, na sanduku la chanjo limefungwa mbele. Kwenye mteremko ule ule Masika aliiachia kwadi makusudi ikimbie. Nilifumba macho. Alipobana, kwadi ilisimama na pua yangu ikagonga mgongo wake. Mwenye shamba akainua jembe kutusalimu, huku akisogea kukinga poireaux zake. Chini, akina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto wao. Nilifurahi hata machozi yakanitoka.

Nimetumikia machef wengi tangu hapo, na katika kila karakana niliyofanyia kazi nilidai jambo moja: fundi aliyetengeneza breki ashuke nazo kwanza. Sasa nimestaafu, na watu huniuliza nilipata cheti gani. Sikupata. Ila jioni ile ya Alimbongo, baada ya kuchanja watoto tangu asubuhi, Masika alinikabidhi ufunguo wa kwadi, akapanda nyuma. Kabla hatujafika mteremko wa pili alikuwa amelala usingizi mgongoni pangu.