Mashahidi Wangu Dhidi ya Desidery

Mpaka leo nikikaribia ofisi ya kata navuka barabara, napita upande wa pili huku nikijifanya natazama mapaa ya watu, kwa sababu mle ndani ndimo nilimoumbuka mbele ya nusu ya mji, na ubaya zaidi ni kwamba aliyeniumbua ni mimi mwenyewe. Nawasimulia, ila chekeni polepole.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye duka anataka lori na kila mwenye lori anataka mkopo, na sisi tuliotoka chuo kikuu hatupangiwi tena kazi serikalini kama kaka zetu. Mimi na Desidery, niliyesoma naye, tukapanga chumba Sumbawanga mjini, tukaandika mlangoni WASHAURI WA FEDHA NA BIASHARA. Mwaka haukuisha tukagombana (ugomvi wenyewe ulianzia kwenye nani akae kwenye kiti cha dirishani, sisemi zaidi). Siku anahama na vitabu vyake alisimama mlangoni akasema, "Gaude, wewe huna kifua. Siri za wateja unazimwaga hovyo." Akaenda zake.

Mtu mwingine angetukana kidogo akaendelea na kazi. Mimi nikaanza kufikiri. Je, kama amemwambia na mtu mwingine? Hasa Mama Swalehe, mwenye maduka mawili na lori la kuleta samaki, migebuka, kutoka Kabwe ziwani, aliyekuwa ameahidi kunipa kazi ya kupanga mali zake zote kabla hajawagawia wanawe? Kazi hiyo ndiyo ingenilipia chumba; nikiikosa, narudi Mpui kwa baba kulima na digrii yangu. Nikakumbuka somo la sheria tulilofundishwa chuoni, kwamba kashfa haiwi kashfa mpaka aisikie mtu wa tatu. Nikaamua kumtafuta huyo mtu wa tatu. Uamuzi mdogo tu.

Nikaanza na Mama Neema, fundi cherehani wa barazani kwetu.

"Mama Neema, siku ile Desidery anahama, ulisikia alichosema?"

"Alisema nini?"

"Kwamba natoa siri za wateja."

Akasimamisha cherehani. "Kumbe unatoa?"

"Sitoi! Ndiyo maana nauliza kama ulisikia."

"Sikusikia," akasema, "ila sasa nimesikia."

(Hapo ndipo mwenye akili angeishia.) Mimi nikajiambia huyu mama anamficha Desidery, pengine anamshonea suruali, kwa hiyo nikaenda kwa muuza nyama, nikaenda kwa wateja wetu wa zamani mmoja mmoja, na kila niliyemuuliza alishtuka, na kila aliyeshtuka nilimchukulia kuwa dalili kwamba habari imeshaenea. Nilipanda hata lori mpaka Milepa, kule bondeni, kwa mfugaji mmoja tuliyewahi kumsaidia, Mzee Masanja, akanichinjia kuku, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno hayo ni mabaya sana, kijana," nami nikarudi nimekaa juu ya magunia nikifurahi kwamba nimepata shahidi. Baada ya hapo ikawa nikipita sokoni watu wananyamaza. Nikasema, mnaona? Desidery kaniharibia mji mzima. Nikampeleka baraza la kata, na Mama Swalehe nikamwalika mwenyewe, aje ashuhudie jina langu likisafishwa.

Siku yenyewe nilivaa suti. Watu walijaa hadi madirishani. Mwenyekiti, mama mmoja nesi mstaafu, akamsimamisha Mama Neema.

"Maneno haya uliyasikia kwa nani?"

"Kwa Gaude."

"Nauliza maneno yenyewe, ya kwamba anatoa siri."

"Ndiyo hayo. Kwa Gaude huyu, alinikuta nashona gauni."

Akaja muuza nyama. "Kwa huyu huyu. Tena wateja walikuwa wamesimama pale, wote wakasikia."

Mzee Masanja akanyanyuka taratibu. "Mimi nilikuwa hata sijui kama wameachana. Huyu Mfipa kaja mpaka kwangu, kala kuku wangu, kanieleza mwenyewe. Nikamhurumia."

Kijana mmoja dirishani akapaza sauti, "Mshikaji kajishtaki!" Baraza zima likacheka, hata karani. Nikasimama kufafanua (mimi siku zote hufafanua), nikasema mheshimiwa, mimi niliwauliza tu kama walisikia. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta. "Wasingesikiaje, mwanangu, na wewe ndiye unawaambia?"

Ilipofika zamu ya Desidery nikajua sasa atanimaliza. Akasimama akitazama viatu vyake. "Nilisema, Mwenyekiti. Nilikuwa na hasira, tukiwa wawili tu, na sijamwambia mtu mwingine. Gaude hajawahi kutoa siri ya mteja, hata moja. Namwomba radhi mbele ya hawa wote." Baraza likaandika kwamba nimeshinda.

Nje, Mama Swalehe alikuwa ananisubiri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nimemwamini mwenzako, wewe hutoi siri za watu."

"Nashukuru sana, Mama. Basi ile kazi..."

"Ngoja kwanza. Neno lililosemwa chumbani, la kukuumiza wewe mwenyewe, umeshindwa kukaa nalo, umelipandisha lori mpaka bondeni. Ya kwangu na wanangu ni mazito kuliko hilo. Utayaweka wapi?"

Alinishika bega, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniuma.

Kazi alimpa Desidery. Alikuja kuniuliza kama akubali, maskini, hata kukaa alishindwa. Nikamwambia akubali, na kiti cha dirishani nikampa akachukue.

Tangu hapo nimeapa: anayenisema na anitangaze kwa mdomo wake, mimi simsaidii tena. Msimu ule nililima Mpui. Jioni ya kwanza baba alinitazama tu, hakuuliza kitu, na mimi nikafungua mdomo nimweleze yote tangu mwanzo, nani alisema nini na nilimaanisha nini. Nikaufunga. Nikamwomba anisogezee chumvi.