Chungu Changu cha Mbaazi Kilivyopelekwa Kikaoni

Mwaka 1997 chungu changu cha chakula kilishtakiwa kwenye kikao cha ukoo.

Sitanii. Kilibebwa kikiwa bado cha moto, kikawekwa katikati ya wazee saba, na mimi nikaambiwa nikae mkekani mbele yake, kama vile tumekamatwa pamoja.

Naitwa Scholastika. Newala wengi wananijua kama Mama Yasinta. Haya ninayoyasimulia yamenikuta mimi mwenyewe, na umri nilionao sasa hauombi ruhusa ya mtu kusema.

Mimi ni mfinyanzi. Mama yangu alinifundisha kule Chiwata, nikiwa sijafika hata darasa la nne. Nilipoolewa na Gasper nikahamia kwao, kijiji kimoja pembeni ya Newala, pale mlima unapokatika kushuka bondeni.

Asiyeijua Newala ajue kitu kimoja. Kule juu maji ni shida.

Bomba likikauka, wanawake wanashuka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Sasa udongo unataka maji. Chakula kinataka maji. Vyombo navyo vinataka maji ya kuoshea. Na kichwa cha kubebea ni kimoja tu.

Nikakaa chini nikajipanga.

Ugali wa mchana na mboga mbili unakutaka usimame motoni, usonge, ugeuze mboga, halafu ukutane na masufuria matatu ya kusugua. Hapo udongo wako umeshakauka uwani.

Nikauacha ugali wa mchana.

Alfajiri naweka mbaazi nilizoloweka tangu jana, chungu kwenye mafiga, magogo mawili mazito chini yake. Zikianza kulainika natia vipande vya muhogo, korosho nilizotwanga, nyanya na chumvi. Nafunika. Naenda kufinyanga.

Saa saba nafunua, chakula kiko tayari. Moto mmoja, chombo kimoja, basi.

Ugali tulikula jioni, nikiwa na nafasi. Nyumbani kwangu hakuna aliyelala njaa. Yasinta binti yangu, darasa la saba wakati huo, alikuwa na mashavu mpaka watu wanamfinya.

Miaka ile biashara ilikuwa imeshapewa ruksa. Malori yalipanda Newala na kila kitu: mitumba, masufuria mepesi yanayong'aa, ndoo za plastiki za kila rangi.

Mtungi wa maji ukafa mbele ya macho yetu. Nani atabeba mtungi wakati ndoo ni nyepesi na ikianguka haivunjiki?

Shoga yangu Sikudhani, mfinyanzi mwenzangu, akatupa udongo akaanza kukaanga maandazi. Wengine wakarudi shamba.

Mimi nikasema potelea mbali, siachi. Nikaacha mitungi, nikashika vyungu vya kupikia. Vidogo, vyenye mfuniko, shingoni nimevichora mistari.

Ndipo akaja Oliva.

Oliva alikuwa na mgahawa Masasi, karibu na stendi. Alisikia habari zangu sokoni akapanda kuja kuona. Alifika mchana, nikampakulia nilichokuwa nacho, mbaazi zangu zile zile.

Akala. Akaongezwa. Akamaliza, akanawa, akaniangalia.

"Mama Yasinta, nataka vyungu arobaini. Vidogo, vya mtu mmoja mmoja. Mteja namletea chungu chake mezani kikiwa na chakula ndani."

"Lini?"

"Kabla wanunuzi wa korosho hawajajaa Masasi. Nakupa wiki tatu."

Nilikubali kabla hajamaliza kufunga kanga yake.

Wiki moja baadaye nikaitwa kikaoni.

Mwenye kauli kwenye ukoo wa mume wangu alikuwa mjomba wake, Mzee Optatus. Kwetu mjomba ndiye anayesema, baba anasikiliza. Siku moja kabla, Gasper aliniinamia karibu akaniambia kwa upole, "Ni Mama huyo. Amelalamika kuhusu chakula. Mvumilie tu, yataisha."

Nikavumilia. Mchana wa kikao, chakula kikiwa kimeiva, mama mkwe wangu, Bibi Veridiana, akaingia jikoni kwangu bila kusema kitu, akakinyanyua chungu kwa vitambaa viwili, akatoka nacho.

Nikamfuata nyuma.

Akakiweka katikati ya wazee. Akasema, "Chakula chenyewe hiki hapa. Onjeni kwanza." Akaenda kukaa nyuma.

Hakuna aliyeonja. Mimi nikaona ananikejeli mbele za watu.

Mzee Optatus akaanza. "Mama Yasinta, nyumba ya mwanetu haina ugali mchana. Ina nini?"

"Ina mbaazi, Mjomba."

"Kila siku?"

"Jana zilikuwa kunde."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mjomba akamtazama mpaka akanyamaza.

"Mwanamume anakula chakula ambacho mke hakukisimamia. Kinaachwa jikoni peke yake kama mbuzi aliyefungwa mtini. Mke yuko uwani anachezea udongo. Hii ni aibu. Chagua leo, vyungu au nyumba."

Nikamtazama Gasper. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Sichagui," nikasema.

"Umesemaje?"

"Mjomba, kwa heshima zote. Mume wangu anakula saa saba, anashiba. Mtoto anakula. Mgeni akija anakula. Nionyesheni mtu mmoja aliyetoka kwangu na njaa, nitaacha udongo leo hii. Kama hayupo, sichagui."

Wanawake waliokaa pembeni wakainama. Mke wa ukoo hajibu hivyo.

Mzee Optatus hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu.

"Sawa. Shimo la udongo lililoko bondeni ni la ukoo wetu. Kuanzia leo, wewe huchimbi. Na asichimbe mtu kwa ajili yako."

Hapo ngoma ikawa nzito.

Nilikuwa nimemaliza vyungu kumi na tisa. Udongo uliobaki ulitosha vitano.

Sikudhani akanitafutia baiskeli, tukaenda kuchimba kwingine, mbali, njia ya mchanga mtupu. Tukarudi na viroba viwili, migongo inauma. Nikafinyanga sita kwa udongo ule. Vilipoanza kukauka kivulini vikapasuka vyote, kimoja baada ya kingine, kama vimeambiana.

Sikudhani akakaa chini. "Shoga, kubali yaishe. Nenda kaombe radhi, pika ugali wao wiki mbili, shimo likifunguliwa utaendelea."

"Nikiomba radhi kwa mbaazi, kesho nitaomba radhi kwa kupumua."

"Sasa utafanyaje?"

Nilikuwa na kiburi tu, na kiburi hakifinyangwi.

Asubuhi ya pili yake, jua ndiyo linachomoza, nikasikia hodi. Alikuwa mama mkwe. Jembe begani, vikapu viwili mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Funga kanga, twende."

"Wapi?"

"Udongo unachimbwa wapi?"

Tukashuka. Mlima ule ni mkali, na yeye alikuwa amepita sitini, lakini mbele alikuwa yeye. Tulipofika shimoni akapiga jembe kwanza. Nikaogopa kumsaidia, nikaogopa kutomsaidia. Mwisho nikainama nikaanza kujaza kikapu.

Habari Newala hazipandi mlima kwa miguu, zinaruka. Vikapu havijajaa, Mzee Optatus akatokea na fimbo yake.

"Dada, nilishasema kuhusu shimo hili."

"Ulisema," akajibu mama mkwe, hajaacha kuchimba. "Ardhi hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yetu."

"Na kabla yake?"

"Ya bibi, mama yake."

"Ukoo wetu unapitia kwa nani, Optatus?"

Mjomba akachomeka fimbo mchangani.

"Wewe ni msemaji wetu, nakuheshimu. Lakini tumbo lililobeba ukoo huu ni langu, na baada yangu ni la binti zangu. Uliwauliza hata mmoja wetu kabla ya kufunga shimo? Mimi nimemruhusu huyu. Kama una neno, itisha kikao kingine, na safari hii wanawake wasikae pembeni."

Mzee Optatus akaing'oa fimbo yake. Kisha akageuka, akaanza kupanda mlima polepole.

Mimi nilikuwa nimeshika kikapu kama sanamu. Nikajikaza nikauliza.

"Mama, nisamehe. Kama uko upande wangu, kwa nini ulinishtaki?"

Akaliweka jembe chini.

"Nani? Mimi?"

"Chungu ulikibeba wewe."

"Nilikibeba ili waonje. Nilijua wakionja kesi imekwisha. Wakakiogopa chakula, wapumbavu wale." Akafuta jasho. Kisha akaniangalia vizuri, na nikaona ndiyo anaelewa nilichokuwa nimeambiwa. "Mwanangu, aliyekushtaki ni mumeo. Alimwendea mjomba wake mara mbili. Mimi niliitwa mambo yameshapangwa."

Nilijaza kikapu cha pili bila kukiona.

Mume wangu. Yule aliyeniinamia kwa upole akasema ni Mama huyo, mvumilie.

Mchana Gasper aliporudi kutoka shambani nilikuwa nakanda udongo. Sikuinuka.

"Baba Yasinta, kumbe ni wewe."

Hakuuliza wewe nini. Akakaa kwenye kigoda.

"Pale kwenye bao wananiita Bwana Vyungu," akasema. "Wanasema kwangu moto unajipikia wenyewe kwa sababu mke amenishinda. Kila siku. Nilishindwa kukwambia."

"Kwa hiyo ukamwambia mjomba."

"Nilidhani atakuonya tu."

"Hilo ningelisamehe leo leo. Lakini umemvika mama yako kosa lako. Siku ngapi hizi namchukia mama wa watu bure?"

Machozi yalikuwa yananitoka, na mikono ina udongo, siwezi hata kuyafuta.

"Nisikilize. Nina siku kumi na moja. Sipiki. Sipiki ugali, sipiki mbaazi. Jiko ni lako mpaka vyungu hivi vitoke hapa. Ukiona haifai, kaitishe kikao."

Nilisema hivyo nikijua kabisa anaweza kunirudisha Chiwata jioni hiyo hiyo. Liwalo na liwe.

Gasper akainuka, akaenda kuchochea moto.

Siku ya kwanza alisonga ugali wenye mabuje kama kokoto. Yasinta akala bila kuinua uso. Siku ya pili ukaungua, na yeye akachelewa shambani. Siku ya tatu aliosha masufuria, maji ya ndoo nzima yakaisha, ikabidi ashuke bondeni mwenyewe, wanaume wenzake wakimwona.

Siku ya nne nimeamka alfajiri nikamkuta jikoni. Mbaazi zimelowekwa, chungu kiko kwenye mafiga, na anasukuma magogo mawili mazito.

Nikageuka, nikaenda zangu uwani.

Nilifinyanga vingine ishirini na nne, ili hata vikivunjika vichache, arobaini vitimie. Siku ya kuchoma, Sikudhani aliacha maandazi yake akaja. Mama mkwe akaja na kuni. Tukavipanga uwani, tukavifunika magome na nyasi kavu, tukawasha. Moto wa kuchoma vyungu hauachwi hata kidogo. Gasper alituletea chakula pale pale tulipokuwa tumesimama.

Vitatu vilipasuka. Vikabaki arobaini kamili.

Nilivifunga kwenye nyasi nikapanda navyo kwenye lori mpaka Masasi. Oliva alivigonga kimoja kimoja kwa kidole, akisikiliza mlio. Alipomaliza akaniambia, "Lini utaniletea sitini?"

Mwaka uliofuata Sikudhani alirudi kwenye udongo. Wengine wawili nao wakaja. Masufuria yanayong'aa yaliendelea kuja, na sisi tukaendelea. Yasinta akaenda sekondari. Shimo halikufungwa tena, na hakuna aliyeitisha kikao.

Gasper nilimsamehe, ila haikuwa kesho yake, na haikuwa mwezi ule. Nilimsamehe siku aliyokwenda mwenyewe kwa mama yake, akapiga magoti, akasema alichokifanya. Sikumtuma. Tangu hapo akiwa na neno na mimi ananiletea mimi, hata kama linauma.

Sasa niseme langu.

Wanaume, ukiwa na kesi na mkeo, mshtakie yeye kwanza. Ukipitia kwa watu utapata hukumu, lakini hutapata mke.

Na nyie wanawake mnaouza vitu vya mikono yenu huku masufuria yanawasubiri: chakula rahisi si chakula cha dharau. Aliyeshiba ameshiba. Usimwombe mtu radhi kwa sababu umegundua njia fupi ya kuifikia kazi yako.

Wakikuambia uchague, waulize kwanza nani amelala njaa.