Barua Mkononi mwa Bi Mize

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa mwalimu kijana mwenye ulimi mwepesi, nilialikwa kutoa mhadhara katika ukumbi mmoja pale Chake Chake. Mada ilikuwa vita vya nchi moja ya mbali na namna waandishi wa huko walivyovieleza. Nilizungumza saa nzima bila ya kutazama karatasi, na watu wakanipigia makofi. Nikajiona mkubwa, Mungu anisamehe.

Wakati wa maswali akasimama bibi mmoja wa Kisiwa Panza, Bi Mize. Alikuwa ametoka kwao alfajiri kunifuata mimi. Mkononi kashika bahasha.

"Bi Mwalimu, nchi hiyo uitajayo ndiko aliko mwanangu Kombo. Ni baharia. Nimeletewa barua ya Kizungu, na kwetu hapana aijuaye..."

Sikumwacha amalize. "Bibi, hapa tunauliza maswali ya mada. Ya nyumbani tutazungumza baadaye."

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa haya, akaketi. Mhadhara ulipokwisha nikazungukwa na wenye kunisifu, nikamsahau.

Siku ya nne Mzee Faki, aliyekuwa mwenyekiti wa mazungumzo yale, akanijia skuli. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

"Asha, umetueleza habari za dunia nzima. Yule mama umemweleza nini?"

Siku ile ile tukashuka Mkoani, tukavuka hadi Panza.

Barua ilitoka hospitali. Kombo alijeruhiwa bandarini katika vita vile, hali yake mbaya, na waliomba jamaa zake wapige simu haraka kwa kuwa mgonjwa alikuwa akimwita mama yake. Maneno hayo niliyasoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuyatamka. Bi Mize aliniuliza jambo moja tu: "Imeandikwa lini?"

Tukarudi naye Mkoani, tukapiga simu. Wakatujibu kuwa Kombo alikufa jana yake, na keshazikwa huko huko.

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Baadaye nilimwendea mara nyingi kumtaka radhi, na kila mara alinijibu, "Yamekwisha, mwanangu." Lakini mpaka anakufa hakuniuliza tena jambo lolote.

Sasa nawe kesho kutwa utasimama Wawi kuwazungumzia watu siasa za dunia na vitabu. Soma sana, na usiseme usilolijua. Lakini akisimama mtu na swali usilolitaraji, hata kama unaliona halihusu, mwache amalize. Huenda vita unavyovisoma wewe kitabuni, yeye vimemwingilia nyumbani. Na asipoeleweka, mfuate umuulize siku hiyo hiyo, si wiki ijayo.

Mungu akupe elimu yenye manufaa, akupe na subira ya kusikiliza, na akuepushe na safari kama ile niliyokwenda mimi Panza. Amin.