Mama na benchi la mawe la Roma

Mama yangu arudi nyumbani Buffalo leo leo, mimi nimechoka.

Tuko Roma, tunatembezwa kwenye magofu. Kiongozi anaeleza, mama hasikilizi. Ameona benchi refu la mawe lenye mashimo, akapiga magoti.

"Hapa Wakristo wa kwanza walikuwa wanasali! Mashimo ni ya mishumaa!"

Bon, akapigia wamama wa kanisa simu ya video. Analia, anaomba, kule kanisani Cheektowaga, jirani na Buffalo, wanaitikia amina, watalii wote wanatungoja juani.

Kiongozi akaninong'oneza: pale palikuwa choo cha umma.

Nikamwambia mama. Akajipangusa mikono kwenye gauni langu.

"Mungu anasikia popote."

Sawa. Lakini jamani, alikuwa anaomba mimi nipate bwana!

Nyinyi mulioitikia amina, muirudishe.