Shujaa Aliyekufa Bila Matanga

Jumamosi hapa Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, nilikuwa kwenye kibanda cha baba mmoja, papa tunavyomwita, anayewatilia watu filamu kwenye flashi. Akaingia maman mmoja, amemshika mkono binti yake mdogo, macho ya mtoto yamevimba kwa kulia.

"Papa, ulimupatia mutoto wangu katuni gani? Ule sungura shujaa amekufa! Tangu jana mutoto anakataa kula."

Papa akajikuna kichwa. "Maman, si mimi nilimuua. Ni wenye kutengeneza katuni."

"Basi utupe epizodi yenye anafufuka."

"Haiko, maman. Alikufa kabisa."

Mtoto akajipangusa kamasi, akamkazia papa macho. "Walimuzika wapi?"

"Hawakuonyesha."

"Matanga ilikuwa kwa nani?"

"Nayo hawakuonyesha."

"Basi hajakufa." Akamgeukia mama yake. "Maman, bugali ya jana iko bado?"

Sote tuliokuwa tukingoja zamu tulimuunga mkono. Watengenezaji wa katuni wakitaka kutuulia shujaa hapa Bukavu, watuonyeshe jeneza, kwaya, viti vya plastiki na wajomba wanaogombania urithi. Bila hayo, sisi tunahesabu kwamba amesafiri tu.