Alama ya Msumari

Naftali wa Itigi hakuwa mchoyo wala mgomvi. Alikuwa mtu wa kushuku tu, na kushuku kwake kulikuwa kazi ya kutwa. Akipeleka mahindi kusaga, anasimama kwenye mdomo wa mashine mpaka unga wa mwisho udondoke. Akinunua petroli ya chupa njiani, anainusa, anaitikisa, anaiinua juani aitazame rangi. Ndoo zake za asali alizifunga kwa fundo ambalo hata mkewe Aneth hakufundishwa kulifungua. Tusimcheke sana. Ujanani alipakia ndoo sita za asali kwenye treni, zikafika Dodoma zikiwa na sukari iliyochemshwa, na mnunuzi akamwita mwizi mbele ya watu. Tangu siku hiyo aliamua kwamba binadamu ni wa kusimamiwa.

Sasa pikipiki yake ilikuwa imeanza kunywa mafuta kupita kiasi. Mizinga yake iko mbali, upande wa Rungwa, na tangi lilikuwa linakauka hata Mitundu hajafika, huku injini ikikohoa na kutoa moshi mweusi. Bila pikipiki ile asali ingebaki porini, na asali ndiyo iliyokuwa inamlisha. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pale stesheni wakamwelekeza kwa Enock, fundi aliyehamia kutoka Nduguti.

Enock alikuwa na ujuzi wake wa peke yake. Alichukua silinda hedi, lile bonge la aluminiamu linalofunika injini kwa juu, mahali petroli na hewa vinapowakia. Humo ndani alichonga vijifereji vyembamba kwa tupa, kisha akasugua njia za hewa kwa msasa mpaka zing'ae. Kwa maelezo yake, petroli ikiingia inachanganyika na hewa vizuri na kuungua yote, badala ya nusu kutoka kama moshi. Calist, mmoja wa wale waendesha bodaboda, alisema yake sasa inakwenda Mitundu na kurudi bila kuongeza hata chupa moja.

Naftali hakuipenda habari ile. Chuma kikwaruzwe, halafu mafuta yapungue? Kilichomkera zaidi ni kwamba Enock hakuifanya kazi hiyo gereji, mbele ya macho ya watu. Aliifanya nyumbani kwake, chumbani, mlango umefungwa.

"Nitakuja na kigoda changu nikae," Naftali alimwambia.

"Hapana, baba. Mlango ukifunguka vumbi linaingia. Na mtu akinisimamia, mkono unakuwa mzito. Niachie siku tatu tu."

Kwetu mtu hukaa na fundi wake. Unakalia galoni tupu, unahesabu kila nati, kwa sababu kila mtu anajua habari za vifaa orijino vinavyoingia gereji na kutoka vikiwa vingine. Fundi anayekataa kuangaliwa ana lake jambo. Hedi ya Naftali ilikuwa ile ile ya kiwandani, haijawahi kubadilishwa, na aliona waziwazi jinsi mtu angeitamani.

Lakini asali ilikuwa inangoja porini, akakubali shingo upande. Basi siku Enock alipokuja kuifungua uani kwa Naftali, akaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono, Naftali alichomoa msumari mfukoni. Aliigeuza hedi, akakwaruza mistari mitatu ya nguvu kwenye uso wake bapa, ule unaolalia injini, akaipaka grisi isionekane. Enock aliporudi alimkuta mzee ametulia kama aliyetoka kusali.

Siku zile tatu alipita mbele ya nyumba ya fundi mara nyingi kuliko shughuli zake zilivyodai. Kila akipita alisikia kitu kinasuguliwa, polepole, bila kukoma. Siku ya pili alimwona Enock akiingia ndani na kipande cha kioo cha dirisha. Hedi ya pikipiki na kioo wapi na wapi? Alikwenda nyumbani na swali hilo, akalala nalo.

Hedi iliporudi, Naftali aliipokea kwa mikono miwili na kuigeuza. Uso ulikuwa laini kama sahani. Mistari haikuwepo.

 Aliacha ifungwe, na injini ikavuma vizuri, bila moshi, na uvumaji ule mzuri ndio uliommaliza kabisa. Hii si yangu, alijisemea, ni kuukuu iliyong'arishwa, mwezi hauishi itakufa. Alikwenda moja kwa moja kijiweni akawaambia kwamba Enock anabadilisha hedi za watu. Kufikia kesho yake mchana Calist alikuwa amemfanya nduguye aichukue hedi yake kwa Enock ikiwa imechongwa nusu, na wengine wawili wakafanya vivyo hivyo.

Jioni Enock aliingia uani kwa Naftali. Alimwamkia shikamoo kama kawaida, akakaa.

"Baba, nasikia umesema mimi mwizi."

"Niliweka alama," Naftali alisema. "Haipo."

Enock aliinua kichwa. "Mistari mitatu? Kama ya msumari?"

"Umejuaje?"

"Nilifikiri ni fundi mhuni aliyekuharibia zamani. Pale ndipo inapokaa gasketi ya kuzibia moto, baba. Ningeiacha, moto ungepenya kwenye mikwaruzo ile, gasketi ingeungua ukiwa porini. Niliisugua hedi kwa msasa juu ya kioo, maana kioo ni bapa kabisa, siku nzima na nusu mpaka mikwaruzo ikaisha. Sikukuambia, maana ungedhani natafuta hela ya ziada."

Aneth alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliinama kwenye pikipiki, akagusa pezi moja la kupozea injini lililokatika ubavuni mwa hedi. "Na hili? Si ulilivunja mwenyewe ulipoanguka mwaka jana, ukalilalamikia mwezi mzima?"

Naftali alitazama. Lilikuwa lile lile, lililokatika kwa mshazari, mahali ambapo hata mtoto angeliona. Alikuwa ameshughulika na alama yake ya siri hata akasahau kuliangalia. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya ashindwe kuinua macho.

"Sina kazi hata moja iliyobaki," Enock alisema. "Kodi ya chumba itanishinda, nitarudi Nduguti. Waambie ukweli tu, baba. Wewe ndiye uliyewaambia."

Asubuhi Naftali alikwenda kijiweni. Aliwaeleza yote, msumari, kioo, pezi, hakuficha hata kosa lake. Kwa mtu kama yeye hilo halikuwa dogo. Walimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Calist alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mzee Naftali," alisema taratibu, "Enock amekupa nini?"

Naftali hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe angeuliza hivyo hivyo.